Ayatullah Si Jina la Mtu

Miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika chumba cha habari, nilipewa habari fupi kutoka shirika la nje niitafsiri kabla ukurasa wa kimataifa haujafungwa. Ilimhusu mwanazuoni mmoja wa Iran. Sentensi ya kwanza ilimtaja kwa jina lake kamili. Zilizofuata zikamwita "Ayatollah" basi. Nami, mtu wa haraka, nikafuata hivyohivyo: Ayatollah alisema, Ayatollah aliongeza, Ayatollah alionya. Mhariri akapitisha, gazeti likatoka.

Kesho yake msomaji mmoja akatuletea ujumbe. Hakutukana, na labda ndiyo maana ujumbe wake haujanitoka kichwani. Aliandika: "Ndugu mwandishi, Ayatullah si jina la mtu. Ni kama uende mkutano wenye maprofesa arobaini, halafu uandike 'Profesa alisema'. Profesa yupi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nikaanza kusoma. Nilidhani ningemaliza kwa jioni moja, kwa sababu lakabu ni lakabu tu, unaitafutia maana kwenye kamusi, unaendelea na maisha. Kumbe lakabu hii ina historia ndefu ya kupandishwa, kuvuliwa, kutumiwa kama ngao na kutumiwa kama fimbo. Na katika sura zake za karibuni, wanaoitoa na kuinyang'anya ni pamoja na watu wa kazi yangu.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana Mswahili analo nusu tayari mdomoni. "Ayatullah" ni maneno mawili ya Kiarabu, aya na Allah: ishara ya Mungu. Aya tunaijua sisi. Mtoto wa madrasa anajua kwamba sura ina aya. Mwanafunzi wa shule anajua kwamba insha ina aya. Lakini kabla ya kuwa mstari wa Kurani au kipande cha insha, aya ni alama, ni dalili. Kurani inayaita hata mambo ya maumbile aya: mvua, usiku na mchana, mbingu, nafsi ya mtu mwenyewe. Kumwita mwanadamu "aya ya Mungu" ni kusema kwamba elimu na mwenendo wake ni dalili inayomwelekeza mtu kwa Mola wake. Si jambo dogo hilo.

Na si neno hilo peke yake. Karibu ngazi yote ya wanazuoni wa Kishia imejengwa kwa mbao tulizonazo nyumbani. Chini ya ayatullah kuna "hujjatulislam". Hujja ndiyo iliyotuzalia hoja. Basi huyo ni hoja ya Uislamu, mtu ambaye dini inaweza kumsimamisha mbele ya wapinzani na kusema, haya, jibizaneni naye. Ili afike juu lazima awe "mujtahid", mwenye uwezo wa ijtihad, na ijtihad ndiyo jitihada yetu. Sisi jitihada tunaifanya shambani na kwenye mtihani. Wao wanaifanya kwenye matini, kuchimbua hukumu ya jambo ambalo halikutajwa waziwazi. Juu kabisa kuna "marjaa", na hapo sikiliza: rejea, marejeo. Marjaa ni mahali pa kurejea, mtu ambaye watu humrudia na maswali yao. Na ukisikia "ayatullah al-udhma", au al-uzma kama Waajemi wanavyotamka, huyo "udhma" ni ndugu wa adhimu, na maadhimisho yetu ya kila sikukuu yametoka ukoo huohuo. Ni ayatullah mkuu.

Naomba niweke mpaka hapa, ili tusichanganye mambo. Lakabu hii ni ya Mashia wa Maimamu Kumi na Wawili, wale wanaoitwa Ithnaasheri. Masuni hawaitumii. Kwetu pwani na bara, ambako Waislamu wengi ni Masuni wa madhehebu ya Shafi, mkubwa wa wanazuoni ni sheikh, mufti au kadhi. Tena ukadhi ni wadhifa: mtu anateuliwa, ana ofisi, ana muhuri, na anaweza kustaafu. Ayatullah, kwa asili yake, hana chochote katika hivyo.

Kwa nini basi Mashia wakawa na ngazi hii? Imani yao ni kwamba Imamu wa kumi na mbili yuko katika ghaibu tangu karne ya tisa na atarejea. Yeye ndiye mwenye mamlaka kamili. Sasa hayupo, na watu wanazaliwa, wanaoana, wanarithishana, wanadaiana. Nani awaambie la kufanya? Mabishano juu ya swali hilo yalikuwa makali hasa katika karne ya kumi na nane, huko Karbala na Najaf nchini Iraq. Kundi moja, Akhbari, lilisema kwamba riwaya za Mtume na Maimamu zinatosha. Kundi jingine, Usuli, likasema hapana, lazima pawe na mtu aliyesoma, anayetumia akili na kanuni kutoa hukumu. Usuli wakashinda, chini ya mwanazuoni aitwaye Vahid Behbahani. Tangu hapo, muumini wa kawaida asiyeweza kufanya jitihada mwenyewe anatakiwa amfuate mujtahid, na kwa kawaida awe mujtahid aliye hai. Mchuuzi wa Tabriz na mama wa nyumbani wa Basra, kila mmoja anatakiwa amchague wa kumfuata.

Hapa ndipo pazuri. Hakuna kura inayopigwa wala bodi inayokaa. Kijana anaingia hawza, chuo cha dini, anasoma lugha, mantiki, fiqhi na misingi yake kwa miaka mingi, mpaka afike darasa la juu ambalo halina tena kitabu cha kufuata: mwalimu anazungumza, wanafunzi wanambishia. Akionekana ameiva, mwalimu humpa ijaza, idhini ya kwamba sasa anaweza kufanya jitihada mwenyewe. Baada ya hapo ni watu. Wanafunzi wakijaa darasani kwake, wafanyabiashara wakimpelekea khumsi zao, ile moja ya tano ya ziada ya mapato, wakimwomba aandike kitabu cha hukumu za ibada na maisha ya kila siku, basi polepole jina linapanda. Yeye hatakiwi kujiita. Anaitwa.

Kwetu, mfano ulio karibu zaidi ninaouona ni Mwalimu. Hakuna sheria iliyompa Julius Nyerere lakabu hiyo. Alifundisha kweli, Pugu, lakini wako maelfu waliofundisha na hawakuitwa hivyo na taifa zima. Alipoacha urais mwaka 1985, neno "Rais" lilihamia kwa mwingine siku hiyohiyo. "Mwalimu" lilibaki naye mpaka kaburini Butiama. Cheo cha ofisi kilimtoka, lakabu ya watu ikabaki.

Lakini lakabu, kama shilingi, ukiichapisha sana inashuka thamani. Katika karne ya kumi na nne, aliyeitwa ayatullah kwa umaarufu alikuwa mtu mmoja, Allama Hilli, mwanazuoni wa mji wa Hilla nchini Iraq, aliyefariki mwaka 1325. Kwa karne nyingi baada yake neno hilo halikuzoeleka kuwa cheo. Wakubwa waliitwa vingine. Katika karne ya kumi na tisa, kilele kilikuwa ni hujjatulislam, lile ambalo leo liko chini. Muhammad Baqir Shafti, mkubwa wa Isfahan aliyefariki mwaka 1844, aliitwa hujjatulislam na kila mtu alijua maana yake: hakuna wa juu zaidi mjini humo.

Aliyeitwa hivyo pia ni Mirza Hasan Shirazi, na kisa chake kinafaa kuelezwa ili uone uzito wa neno hilo enzi zake. Mwaka 1890 Shah Nasir al-Din alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya kuhodhi biashara yote ya tumbaku ya Iran: kulima, kununua na kuuza. Wakulima na wafanyabiashara wakapiga kelele, hazikusikika. Desemba 1891 ikaenea fatwa ya sentensi chache kwa jina la Shirazi, aliyekuwa akiishi Samarra, Iraq, nje kabisa ya mamlaka ya Shah: kwa sasa, kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni kama kupigana na Imamu wa zama. Nchi nzima ikaacha. Inasimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la Shah wake zake waliweka kando buruma, hizi ambazo vijana leo wanaziita shisha. Januari 1892 Shah akafuta mkataba. Huyo aliyeishinda dola kwa karatasi moja hakuwa ayatullah kwa lugha ya leo. Alikuwa hujjatulislam, cheo ambacho sasa anaweza kuitwa nacho mhubiri wa kawaida.

Hivyo ndivyo lakabu zinavyochakaa. Waliokuja nyuma walitaka kuitwa kama wakubwa wao, hujjatulislam wakawa wengi, ikabidi wakubwa watafutiwe jina jipya. Neno ayatullah likaanza kusikika zaidi kwenye vuguvugu la Mapinduzi ya Katiba ya Iran, 1905 hadi 1911, na likazoeleka baada ya Abdulkarim Haeri kuisimamisha upya hawza ya Qom mwaka 1922. Kisha ayatullah nao wakawa wengi, ndipo al-udhma ikaongezwa juu ili wakuu wasipotee kwenye msururu. Usiwacheke. Sisi wenyewe tumeona "Mheshimiwa" ikitoka kwa wachache na kumwangukia kila mwenye tai, na "Daktari" wa heshima wanavyoongezeka kila msimu wa mahafali.

Hadi katikati ya karne ya ishirini, hata hivyo, neno bado lilikuwa mikononi mwa watu. Ayatullah Borujerdi wa Qom alipofariki Machi 1961, alikuwa ndiye marjaa aliyekubalika karibu na Mashia wote. Shah Muhammad Reza alituma simu ya rambirambi, lakini hakuituma Qom. Aliituma Najaf, kwa Muhsin al-Hakim. Kila mtu aliisoma alivyopaswa kuisoma: Shah alitaka kitovu kihamie ng'ambo ya mpaka, mbali naye. Ona hapo, hata mfalme hakuwa na uwezo wa kuteua. Aliweza kudokeza tu.

Kisha ikaja 1963. Mwanazuoni mmoja wa Qom, Ruhollah Khomeini, alimshambulia Shah mimbarani kwa maneno ambayo hayakuwa yamesikika hadharani. Juni 5 akakamatwa, ghasia zikazuka, damu ikamwagika. Ikahofiwa kwamba angehukumiwa kifo. Wakati huo Khomeini alikuwa mwalimu mkubwa, lakini hakuwa miongoni mwa wale ambao nchi nzima iliwarejea. Wanazuoni wakubwa wakakusanyika Tehran, na miongoni mwao alikuwa Ayatullah Kazem Shariatmadari, mzaliwa wa Tabriz, ambaye tayari alikuwa na wafuasi wengi kuliko Khomeini. Wakatoa tamko kwamba Khomeini ni marjaa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kumnyonga sheikh mkorofi ni jambo moja, kumnyonga marjaa ni jambo jingine, hakuna serikali ingethubutu. Khomeini hakunyongwa. Alifungwa, akaachiwa, akaja kufukuzwa nchini mwaka 1964.

Mwaka 1970 al-Hakim alipofariki, lilizuka tena swali la nani arejewe. Miongoni mwa walimu wa Qom waliotia saini zao kumtetea Khomeini, aliyekuwa bado uhamishoni Najaf, alikuwamo mwanafunzi wake wa zamani, Hussein Ali Montazeri. Yashike majina haya mawili, Shariatmadari na Montazeri. Hao ndio waliomshikia ngazi.

Februari 1979 Khomeini alirudi Tehran akiwa mshindi. Wafuasi wake walikuwa wameshaacha kumwita ayatullah. Walimwita Imamu, neno ambalo Mashia wa Iran walizoea kuwatengea wale kumi na wawili. Vyombo vya habari vya nje havikujua la kufanya na neno hilo, vikang'ang'ania "Ayatollah". Jarida la Time likamfanya mtu wa mwaka 1979. Nadhani kosa langu la zamu ya usiku lilizaliwa hapo: ulimwengu ulijifunza neno na mtu kwa siku moja, ukadhani ni kitu kimoja.

Katiba mpya ya mwaka huo ikafanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Iliweka nafasi ya Kiongozi, kwa nadharia ya Khomeini ya wilayat al-faqih, utawala wa mwanafiqhi. Hata hapo Mswahili yumo: wilaya yetu yenye mkuu wa wilaya, wali wa bibi harusi, liwali wa zamani wa pwani, wote ni maji ya kisima hichohicho, maana ya kusimamia na kuwa na dhamana juu ya mwingine. Na Katiba ikasema Kiongozi lazima awe marjaa. Yaani lakabu iliyokuwa ikitolewa na watu bila karatasi ikaingizwa kwenye kifungu cha sheria, ikawa sharti la kazi.

Ukishaifanya sharti la kazi, lazima atokee mtu wa kuisimamia. Aprili 1982 Shariatmadari, aliyekuwa ameipinga nadharia ile tangu mwanzo, alihusishwa na njama ya kumpindua Khomeini. Jumuiya ya walimu wa hawza ya Qom ikatangaza kwamba hastahili tena kuwa marjaa. Katika mapokeo yote ya Mashia, hakuna aliyejua jambo kama hilo linafanywaje. Mtu aliyeitwa na watu, anaitwa upya na kamati asiitwe? Lakini lilifanyika. Alikaa chini ya ulinzi nyumbani kwake mpaka alipofariki Aprili 1986. Miaka kumi na tisa kabla ya tangazo lile, alikuwa ametumia lakabu kumwokoa mtu. Sasa lakabu yake mwenyewe haikumwokoa.

Montazeri naye zamu yake ilifika. Novemba 1985 aliteuliwa rasmi kuwa mrithi wa Khomeini. Picha zake zilining'inizwa ofisini kando ya picha za mwalimu wake, na alikuwa ayatullah al-udhma kwenye kila taarifa ya habari. Mwaka 1988 wafungwa wa kisiasa walipouawa kwa wingi magerezani, yeye, mtu wa pili nchini, aliandika barua kupinga. Machi 1989 akaondolewa. Picha zikashushwa, na vyombo vya habari vya serikali vikaacha kumtaja kwa lakabu ile. Hakuwa amesahau hata ukurasa mmoja wa fiqhi kati ya Februari na Aprili, lakini magazeti yalimsoma upya.

Halafu Juni. Khomeini alifariki tarehe 3, na tarehe 4 Baraza la Wataalamu likamchagua Ali Khamenei, aliyekuwa rais wa nchi. Siku hiyo Khamenei alikuwa hujjatulislam. Hakuwa marjaa, na Katiba iliyokuwa ikitumika ilitaka marjaa. Video ya kikao hicho, iliyovuja Januari 2018, inamwonyesha yeye mwenyewe akiwaeleza wajumbe shaka zake kama anastahiki. Wakamchagua. Sharti likaja kuondolewa Julai kwa kura ya maoni, baada ya kazi kumpata mtu. Na muda mfupi baada ya uchaguzi ule, redio na magazeti yalikuwa yameshaanza kumwita Ayatullah Khamenei.

Sehemu hii ndiyo inayoninyima usingizi kama mwandishi. Safari ambayo kwa kawaida huchukua miongo, darasa kwa darasa, mwanafunzi kwa mwanafunzi, ilifupishwa kwenye meza ya wahariri. Nawaona watu wa zamu ya usiku kama mimi, ukurasa unangoja, mtu anauliza, "Tunamwandikaje?" na jibu linatoka juu. Mwaka 1994, alipofariki marjaa mkongwe Araki, ile jumuiya ya Qom ikatoa orodha ya watu saba wanaofaa kurejewa, na jina la Khamenei limo. Yeye akasema atabeba mzigo huo kwa Mashia walio nje ya Iran, ndani wapo wengine wa kutosha. Novemba 1997 Montazeri akasimama darasani kwake Qom akasema waziwazi kwamba Khamenei hana sifa za umarjaa. Jibu lilikuwa kumfungia nyumbani hadi Januari 2003.

Montazeri alifariki Desemba 2009. Shirika la habari la serikali lilipotoa taarifa za mwanzo, lilimtaja bila lakabu ya ayatullah mkuu. Khamenei, katika rambirambi zake, alimtaja kuwa faqihi mwenye ujuzi mkubwa, akamwombea msamaha kwa mtihani ambao kwa maoni yake aliushindwa. Na huko Qom barabara zilijaa watu wengi mno waliomsindikiza. Hao walimwita walivyokuwa wakimwita siku zote.

Isionekane kwamba njia ya zamani imekufa. Najaf bado ipo. Abul Qasim al-Khoei alipofariki Agosti 1992, Iraq ikiwa chini ya Saddam Hussein, nafasi yake ilishikwa polepole na mwanafunzi wake Ali al-Sistani, mzaliwa wa Mashhad, Iran. Hana wadhifa wowote serikalini. Baada ya Saddam kuangushwa, Juni 2003, Wamarekani walipotaka katiba ya Iraq iandikwe na watu walioteuliwa, alitoa fatwa kwamba waandishi wake wachaguliwe kwa kura, na mipango ikabidi ibadilike. Juni 2014, kundi la Dola ya Kiislamu lilipoteka Mosul, wito wake wa kuilinda nchi uliwatoa maelfu ya vijana majumbani.

Na huyu ana uhusiano na mitaa yetu. Makhoja Ithnaasheri wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, pamoja na Waafrika walioingia madhehebu hayo miaka ya karibuni, nao wana wa kumrejea. Wengi walimfuata al-Khoei, kisha Sistani. Duka la vitambaa la mjini, hesabu ya khumsi inayofanywa mwisho wa mwaka ndani ya duka hilo, swali la mgonjwa kama afunge au asifunge: nyuzi zake zinafika Najaf. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja wao ameuliza, ameambiwa, ameridhika. Nimewaza kwamba huenda msomaji aliyenisahihisha ni mmoja wao, na kwamba nilipoandika "Ayatollah alisema" nilikuwa nimegusa jambo alilolichagua kwa makini kuliko nilivyochagua maneno yangu.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye siwezi kumwacha. Nusrat Amin wa Isfahan, aliyezaliwa mwaka 1886 na kufariki 1983, alisoma nyumbani, akafikia daraja ya mujtahid, akapewa ijaza na wakubwa akiwemo yuleyule Abdulkarim Haeri wa Qom. Aliandika tafsiri nzima ya Kurani kwa Kiajemi. Ukitafuta vitabu vyake vya zamani unaweza usilione jina lake: vilitolewa kwa sifa tu ya bibi wa Isfahan, au bibi wa Kiirani. Jitihada alikuwa nayo kamili, yenye saini za wanaume waliojua kupima. Lakini watu walimzoea kama Banu Amin, Bibi Amin. Basi lakabu inaweza kumpanda asiyeisubiri na ikampita aliyeikamilisha. Haipimi elimu peke yake. Inapima pia nani yuko tayari kuitamka.

Sasa, kwa wale mnaoandika, au mnaosoma kwa jicho la kuandika, niseme ninavyofanya siku hizi. Ninaandika "ayatullah", kwa u, kwa sababu tumeyapokea maneno haya kutoka Kiarabu na masikio yetu yamezoea Abdullah na Hizbullah. "Ayatollah" ni matamshi ya Kiajemi yaliyotufikia kupitia Kiingereza. Si kosa, ila ni njia ndefu ya kurudi nyumbani. Silitumii bila jina la mtu. Simpi kila mwenye kilemba, wala sidanganyiki na rangi ya kilemba: cheusi kinaonyesha kwamba mtu ni sayyid, wa ukoo wa Mtume, kama masharifu wetu, na hakihusiani na daraja ya elimu, Montazeri alivaa cheupe.

Kisha ninauliza swali ambalo usiku ule sikuliuliza: nani anamwita hivyo, na tangu lini? Kama ni wanafunzi na wafuasi wake kwa miaka mingi, naandika bila wasiwasi. Kama ni tangazo la juzi, naandika pia, lakini naeleza kwamba ni la juzi na limetoka wapi. Na kama lakabu ya mtu imetoweka ghafla kwenye taarifa za serikali, hiyo nayo ni habari, pengine kubwa kuliko ile niliyopewa nitafsiri.

Msomaji yule nilimjibu baada ya wiki nzima. Nilimshukuru, nikaomba radhi, na gazeti likachapisha sahihisho la mistari miwili chini kabisa ya ukurasa. Alijibu neno moja: "Ahsante." Sikuwahi kulijua jina lake, aliandika kwa namba tu.